Jinsi ya kuchunguza kazi na mishahara ungali chuoni Dar es Salaam

Uliza kwenye kijiwe chochote cha wanachuo, iwe Mlimani, Mabibo au nje ya geti la chuo cha IFM, mhasibu anayeanza kazi analipwa shilingi ngapi. Chai haijapoa utakuwa na majibu matatu: laki nne, laki nane, milioni na ushee. Ajabu ni kwamba yote matatu yanaweza kuwa kweli. Mmoja anamzungumzia mtunza hesabu wa duka la jumla Kariakoo, mwingine mhasibu wa taasisi ya umma, wa tatu mtu wa mradi wa wafadhili kule Masaki ambaye mkataba wake unakwisha Desemba. Isitoshe, mmoja ametaja mshahara ghafi, mwenzake ametaja kinachoingia mkononi. Mshahara uliotajwa bila kada (yaani aina ya kazi), mwajiri, aina ya mkataba na makato ni uvumi tu.

Kuuchuja uvumi huo hakuhitaji fedha nyingi. Unahitaji bando la kawaida, daftari au jedwali la Excel, na saa tatu kila wiki kwa wiki sita hivi. Wakati mzuri ni semista ya kwanza ya mwaka wa pili, kwa sababu bado hujaamua pa kufanyia fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, wala hujachagua masomo ya hiari. Ukingoja mwaka wa mwisho, fildi utakuwa umeshaifanya popote palipokupokea, na masomo ya hiari umechagua kwa kufuata marafiki.

Hatua ya 1: Geuza kozi kuwa kada

Waajiri hawatangazi kozi, wanatangaza kada. Hakuna tangazo linaloandikwa "anahitajika mtu wa sosholojia". Aliyesoma sosholojia atajikuta akiomba Afisa Maendeleo ya Jamii, Afisa Ustawi wa Jamii, Mtendaji wa Kata, afisa ufuatiliaji na tathmini kwenye shirika, au afisa mikopo kwenye taasisi ya fedha. Hizo ni kazi tano zisizofanana hata kidogo, na mishahara yake haifanani.

Kaa chini uandike kada 8 hadi 10 ambazo kozi yako inaweza kukufikishia. Usizitoe kichwani. Fungua Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, pakua matangazo ya miezi michache iliyopita, kisha soma sehemu ya sifa za mwombaji ukitafuta jina la kozi yako. Kila inapotajwa, andika kada iliyo juu yake. Utashangaa. Mtu wa TEHAMA, kwa mfano, ataona kuwa serikalini kada yake imegawanywa: waandishi wa programu, watu wa mitandao, watu wa usalama wa mifumo, watu wa hifadhidata. Ukisema tu "nataka kazi ya kompyuta", hujasema chochote.

Andika pia daraja. Katika kada nyingi za serikali mwenye shahada asiye na uzoefu huanzia daraja la II, kisha hupanda kwenda la I, mwandamizi, na kuendelea. Ukikuta mtu anakutajia mshahara wa mhandisi, mwulize wa daraja gani. Mhandisi mkuu na mhandisi daraja la II ni watu wawili wenye mifuko miwili.

Hatua ya 2: Kusanya matangazo 30, uyasome kama mtihani

Kutoka kwenye orodha yako chagua kada tatu, na kila kada itafutie matangazo kumi. Ajira Portal itakupa ya serikali. Ya sekta binafsi yapo BrighterMonday, LinkedIn, kurasa za nafasi za kazi za mabenki na kampuni za simu, na magazeti kama Daily News na Mwananchi. Matangazo yaliyokwisha muda ni mali pia. Wewe huombi kazi bado, unachunguza, kwa hiyo tangazo la mwaka jana linakufaa alimradi uandike tarehe yake.

Jedwali lako liwe na safu hizi: tarehe, kada na daraja, aina ya mwajiri, eneo, shahada inayotakiwa, miaka ya uzoefu, cheti au usajili wa bodi, programu za kompyuta, aina ya mkataba, mshahara kama umetajwa. Safu ya mwisho itabaki tupu mara nyingi kwa sekta binafsi. Iache tupu. Usijaze kwa kukisia, maana baada ya wiki mbili utasahau kuwa ulikisia.

Tuchukue tangazo la mfano, la aina unayoweza kukutana nayo kila wiki: kiwanda kilichopo Barabara ya Nyerere kinatafuta afisa ununuzi. Sifa: shahada ya ununuzi na ugavi, usajili wa PSPTB, uzoefu wa miaka miwili, ajue Tally, awe tayari kufanya kazi Jumamosi.

Shahada kila mwombaji atakuwa nayo, kwa hiyo haitakutofautisha na yeyote. PSPTB ni Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, na mitihani yake inachukua muda, kwa hiyo mwenye kuianza akiwa chuoni amewatangulia wenzake. Tally ni programu ya hesabu iliyoenea sana kwenye viwanda na maduka makubwa ya Dar, lakini mtaala wako unaweza kumalizika bila kuifungua. Tangazo lile lile likitoka taasisi ya umma, badala ya Tally utakuta NeST, mfumo wa ununuzi wa serikali. Jumamosi maana yake ni juma la siku sita. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa zinazozidi hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Je, hiyo Jumamosi imo ndani ya saa 45 au iko nje? Hilo ni swali la kuuliza siku ya usaili. Miaka miwili ya uzoefu nayo isikutishe mapema: hesabu ni matangazo mangapi kati ya kumi yanaitaka. Yakiwa tisa, kada hiyo haina mlango wa moja kwa moja kwa mhitimu, na itabidi ujue watu huingilia wapi. Mara nyingi huingilia stoo.

Ukimaliza matangazo 30, hesabu vinavyojirudia. Kitu kilichotajwa mara 7 kati ya 10 ni cha kujifunza muhula huu. Kilichotajwa mara moja kiache.

Hatua ya 3: Mshahara wa serikali

Hapa ndipo rahisi. Matangazo mengi ya Ajira Portal yana mstari wa ngazi ya mshahara: TGS kwa watumishi wa kawaida wa serikali kuu na halmashauri, TGTS kwa walimu, TGHS kwa kada za afya, PGSS kwa mashirika ya umma. Herufi inayofuata, mathalani TGS D, ndiyo ngazi yenyewe, na namba baada yake ni hatua ndani ya ngazi. Mtumishi hupanda hatua kwa nyongeza ya mwaka, na hupanda ngazi kwa kupandishwa daraja.

Viwango vya fedha vya kila ngazi hutolewa kwa waraka wa serikali. Kosa linalofanywa na wengi ni kuchukua picha ya jedwali la mishahara iliyosambaa WhatsApp bila kutazama mwaka. Kima cha chini cha serikali kilipanda kutoka shilingi 300,000 hadi 370,000 Julai 2022, kisha hadi 500,000 Julai 2025. Jedwali la kabla ya tarehe hizo ni la kale. Ukilipata jedwali lolote, tazama kwanza tarehe ya kuanza kutumika, na kama haipo, litupe. Njia ya uhakika zaidi ni kumwuliza mtumishi aliyeajiriwa karibuni katika ngazi hiyo hiyo.

Mashirika ya umma yana kitendawili chake. Mengine yana miundo yao ya mishahara, na PGSS ya shirika moja haiwi lazima sawa kwa fedha na ya shirika jingine. Hapo jina la ngazi halitoshi, tafuta la shirika husika.

Hatua ya 4: Sekta binafsi, ambako namba zimefichwa

Takwimu za taifa zitakupa dira tu. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa taarifa za utafiti wa ajira na mapato katika sekta rasmi, zenye wastani wa mapato kwa kila shughuli ya uchumi. Zitumie kulinganisha sekta na sekta, kwa mfano fedha na bima dhidi ya hoteli na migahawa. Usizitumie kukadiria mshahara wako wa kwanza, kwani wastani huo unawachanganya meneja wa miaka ishirini na karani wa juzi. Tovuti za nje zinazoonyesha mishahara ya dunia nzima kwa dola ziangalie kwa burudani. Kima cha chini cha sekta binafsi kipo kwenye amri ya mishahara inayotangazwa na serikali kwa kila sekta. Kisome ujue mahali ambapo mwajiri haruhusiwi kushuka.

Namba halisi ziko kwa watu. Fungua LinkedIn, nenda ukurasa wa chuo chako, bonyeza sehemu ya wahitimu, chuja kwa Dar es Salaam na kwa jina la kada. Lenga waliomaliza miaka miwili hadi mitano iliyopita. Aliyemaliza miaka kumi na tano nyuma atakupa busara nyingi na mshahara wa kuanzia usiokuwepo tena.

Ujumbe wa kwanza uwe mfupi, useme unataka nini na hutaki nini:

"Habari za kazi, kaka. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa ununuzi na ugavi. Nimeona umepita chuo chetu na sasa uko kwenye ununuzi kiwandani. Naomba dakika kumi na tano zako, kwa simu au kwa kuonana, nikuulize kazi yenyewe ikoje siku hadi siku. Siombi ajira wala nafasi ya fildi. Nitafuata ratiba yako."

Kwa mtu mzima anza na shikamoo, wala usiifupishe. Kwa aliyekuzidi miaka miwili, shikamoo inaweza kumtia haya. Habari za kazi inatosha. Tuma kwa watu 15, tarajia watano wajibu. Asiyejibu mkumbushe mara moja baada ya wiki, kisha mwache.

Mkionana, usianze na fedha. Uliza siku yake inaanza saa ngapi, nani anamsimamia, kitu gani kilimshangaza miezi mitatu ya kwanza, na waliomtangulia kwenye nafasi hiyo wako wapi sasa. Swali hili la mwisho lina faida kuliko yote. Kama wote waliondoka ndani ya mwaka mmoja, umeshaelewa. Afisa mikopo, kwa mfano, kwenye tangazo ni mchambuzi wa maombi ya wateja. Ukimsikiliza mwenye kazi utagundua sehemu kubwa ya wiki anazunguka Mbagala na Gongo la Mboto kufuata marejesho, na mshahara wake una sehemu inayopungua wateja wasipolipa.

Halafu ndiyo fedha, na usiulize "wewe unalipwa shilingi ngapi". Mtu mwenye heshima zake hatakujibu, au atakujibu uongo wa kujilinda. Uliza hivi: "Mtu aliyemaliza mwaka huu, hana uzoefu, akiingia nafasi kama hii hapa Dar, ajiandae kwa kati ya ngapi na ngapi?" Akijibu, ongeza maswali mawili: hiyo ni kabla ya makato au mkononi? Na posho zimo humo ndani? Bila majibu ya maswali hayo mawili, namba uliyopewa haina kazi.

Sehemu ya kuulizia nayo ina uzito. Ofisini kwake, meza imezungukwa na wenzake, hutapata kitu. Chakula cha mchana kwa mama lishe jirani na ofisi, saa saba na robo, utapata zaidi. Wewe ndiye uliyeita, kwa hiyo jiandae kulipia sahani mbili, hata kama yeye atakataa.

Ukipata namba tano za kada moja, zipange kutoka ndogo hadi kubwa, uchukue ya katikati. Usichukue wastani. Tuseme ni 500,000, 600,000, 650,000, 700,000 na 2,500,000. Wastani ni 990,000, na hakuna hata mmoja kati ya watano anayelipwa karibu na hapo. Ya katikati, 650,000, ndiyo inayoeleza soko. Yule wa milioni mbili na nusu huenda ni wa shirika la kimataifa au kuna uzoefu ambao hakuutaja. Mchunguze peke yake.

Mahali pengine pa kukutana na waajiri wengi kwa siku moja ni maonesho ya biashara ya Sabasaba, viwanjani Barabara ya Kilwa, kuanzia Juni 28 hadi Julai 13. Nenda siku ya kazi asubuhi, kabla umati haujafika. Wengi wanaosimama kwenye mabanda ni watu wa masoko na uhusiano. Waulize kwa upole jina la mtu wa idara unayoitaka, au siku ambayo mtu wa ufundi atakuwepo bandani, urudi.

Hatua ya 5: Shusha mpaka mkononi

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayowaumiza wahitimu mwezi wa kwanza. Tanzania Bara, kodi ya mapato ya ajira kwa mwezi inakwenda hivi:

Hadi 270,000: hakuna kodi.
Zaidi ya 270,000 hadi 520,000: 8% ya kinachozidi 270,000.
Zaidi ya 520,000 hadi 760,000: 20,000 na 20% ya kinachozidi 520,000.
Zaidi ya 760,000 hadi 1,000,000: 68,000 na 25% ya kinachozidi 760,000.
Zaidi ya 1,000,000: 128,000 na 30% ya kinachozidi milioni.

Kabla ya kodi hutolewa mchango wa hifadhi ya jamii. Sekta binafsi ni NSSF: jumla 20% ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya 10%. Serikalini ni PSSSF, mtumishi akichangia 5% na mwajiri 15%, na huko kuna pia bima ya afya ya NHIF, 3% ya mtumishi. Na kama ulikula bumu, yaani mkopo wa chuo, Bodi ya Mikopo itachukua 15% ya mshahara wa msingi. Mnufaika ana miezi 24 baada ya masomo kabla ya kutakiwa kuanza kurejesha, lakini ukipiga hesabu za maisha, weka makato hayo tangu siku ya kwanza ili yasikukute umeshazoea fedha yote.

Chukua mshahara wa 1,200,000 sekta binafsi, wote ukiwa wa msingi. NSSF 120,000. Kinachotozwa kodi kinabaki 1,080,000. Kodi ni 128,000 na 30% ya 80,000, yaani 152,000. Bodi ya Mikopo 180,000. Mkononi: 748,000. Asiye na mkopo atachukua 928,000. Watu wawili, meza moja, kada moja, tofauti ya 180,000 kila mwezi. Ndiyo maana majibu ya kijiweni hayafanani.

Kwa 700,000: NSSF 70,000, kodi 42,000, mkopo 105,000, mkononi 483,000.

Angalia jambo moja kwenye mpangilio. Makato ya mkopo yanahesabiwa kwenye mshahara kabla ya kodi, lakini hayapunguzi kodi kama NSSF inavyopunguza. Wengi hutoa mkopo kwanza kisha wakatafuta kodi, wakajikuta na namba nono kuliko itakayokuja.

Kisha tenganisha mshahara wa msingi na posho. Waajiri wawili wakikuahidi 1,200,000, mmoja yote ya msingi, mwingine 700,000 ya msingi na 500,000 ya nyumba na usafiri, kodi inaweza kuwa ile ile, na makato ya mkopo kwa wa pili yatakuwa madogo kuliko kwa wa kwanza. Ila malipo ya saa za ziada yanahesabiwa kwa mshahara wa msingi, na kiinua mgongo cha sheria, siku 7 kwa kila mwaka kamili wa kazi, kwa miaka isiyozidi kumi, nacho ni kwa mshahara wa msingi. Kwa hiyo posho nyingi ni tamu leo na chungu siku ya kuachana. Kamisheni ndiyo isiweke kabisa kwenye hesabu. Kazi za kuuza bima, laini za simu na akaunti za benki hutangazwa kwa namba kubwa yenye maneno "hadi" mbele yake. Uliza asiyeuza kitu mwezi mzima anapewa nini.

Malizia na gharama za jiji. Nauli ya daladala mbili kwenda na mbili kurudi, zidisha kwa siku za kazi: ikiwa jumla ni 2,800 kwa siku, kwa siku 24 ni 67,200. Chumba kimoja nacho wenye nyumba wengi watataka kodi ya miezi mitatu au sita mkupuo, na dalali mwezi mmoja wake. Mshahara wa laki tisa ofisi ikiwa Posta na wewe unakaa Chanika unaweza kukuachia kidogo kuliko laki nane na nusu ya kiwanda cha Pugu.

Hatua ya 6: Tazama mkataba na bodi

Kazi ya mradi hulipa vizuri na hufa ghafla. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watumishi wa miradi mingi ya afya walibaki bila kazi ndani ya muda mfupi. Haimaanishi uzikimbie kazi za miradi. Andika tu kwenye jedwali mwezi mkataba unapokwisha, na ugawe mapato yake yote kwa miezi ya mkataba ukijumlisha na ya kukaa bila kazi baada yake. Milioni mbili kwa miezi minane, ukagawa kwa kumi na miwili, ni milioni moja na laki tatu na ushee kwa mwezi.

Kwa kada zenye bodi ya kitaaluma, mshahara wa kuanzia ni nusu tu ya taarifa. Mhandisi akimaliza chuo husajiliwa na ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kama mhandisi mhitimu, na mafunzo ya kazini ya SEAP kuelekea uhandisi mtaalamu huchukua miaka mitatu. Daktari ana mwaka wa utarajali baada ya shahada. Mwanasheria anayetaka uwakili lazima apite Shule ya Sheria. Mhasibu ana mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, inayofanyika Mei na Novemba, na matangazo ya uhasibu yanayolipa hukitaja cheti chake cha CPA bila kuchoka. Kwa kampuni za uwakala wa forodha, cheti cha Afrika Mashariki kinachotolewa kupitia Chuo cha Kodi kinaweza kukufungulia mlango haraka kuliko shahada ya pili. Weka mshahara wa aina mbili kwenye jedwali: kabla ya usajili na baada yake, pamoja na miaka iliyo katikati. Ada za mitihani na usajili zitafute kwenye tovuti ya bodi yenyewe.

Hatua ya 7: Fildi iwe uchunguzi

Peleka barua ya utambulisho miezi mitatu au minne kabla, kwenye waajiri wa kada uliyoichagua. Benki na mashirika makubwa ya mjini hujaa mapema, na anayechelewa huishia ofisi ya mjomba akipanga mafaili.

Ukishaingia, zingatia mambo machache. Nani ameajiriwa na kampuni yenyewe, na nani ameletwa na wakala wa ajira? Wanaweza kukaa dawati moja wakilipwa tofauti, na tangazo lisiseme. Vijana wa kada yako wamekaa miaka mingapi? Ngazi ya juu yao hutokea ndani au huajiriwa kutoka nje? Maswali hayo yanajibiwa kwa macho na mazungumzo ya kawaida. Usipige picha salari slipu ya mtu wala kuchungulia mafaili ya utumishi. Utafukuzwa, na barua itarudi chuoni.

Mtu akikuambia nafasi ipo ila kuna fedha ya fomu, ya sare au ya kumwona bosi, ishia hapo. Kuomba kazi Ajira Portal hakulipiwi, na mwajiri wa kweli hamtozi mwombaji.

Namba ya kutaja siku ukiulizwa

Kila semista, fungua jedwali, ongeza matangazo matano mapya kwa kila kada na ufute yenye zaidi ya miaka miwili. Siku ya usaili wa kwanza, swali la "unatarajia mshahara kiasi gani" utalijibu kutoka humo.

Anza na sakafu yako. Kama maisha yako Dar yanataka 600,000 mkononi na una mkopo, panda kinyume: 910,000 ghafi, ukitoa NSSF 91,000, kodi 82,750 na mkopo 136,500, inakuachia 599,750. Kwa hiyo 910,000 ndiyo sakafu, na usimtajie mtu. Itazame namba ya katikati ya soko uliyoipata kwenye hatua ya 4. Ikiwa iko chini ya sakafu yako, ama utafute chumba cha bei nafuu na wa kukaa naye, ama ubadili kada. Kumkazania mwajiri hakutasaidia. Ikiwa iko juu, taja kuanzia hapo kwenda juu kidogo, na utaje ghafi: "Kwa majukumu yaliyo kwenye tangazo, na kwa malipo ya nafasi kama hii hapa Dar, natarajia kati ya laki tisa na nusu na milioni moja na laki moja kabla ya makato." Kisha nyamaza. Akikuuliza kima cha chini kabisa, mwulize kwanza mshahara wa msingi ni kiasi gani na posho ni zipi, uandike mbele yake, na uombe siku moja ya kupiga hesabu.